Kiegemeo cha mshale kwa mwindaji wa dunguni: kisa kimoja cha Minnesota

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Mwindaji alivuta upinde, mshale ukateleza kutoka kwenye kiegemeo chake, kile kifaa kidogo kinachoubeba, ukagonga mpini wa alumini, yaani sehemu ya kati ya upinde, na kulungu aliyekuwa yadi 18 tu kutoka kwenye mti akatimka kabla mlio haujaisha. Wiki chache baadaye likatokea tena, safari hii kwa kulungu jike, jioni ya baridi isiyo na upepo ambapo hata jani likianguka unalisikia. Baada ya hapo akaja kwenye meza yangu ya ufundi na upinde wake begani.

"Fundi, nitolee hiki, uniwekee kile cha kuanguka, kile kinachovutwa na bawa. Rafiki yangu anacho, na kila mtu ananiambia ndicho chenyewe."

Bawa ni ule mkono wa upinde unaopinda ukiuvuta, na kiegemeo alichokitaka huendeshwa nao. Hakuondoka nacho. Aliondoka na kiegemeo cha brashi, ambacho bei yake haifiki nusu ya kile alichokuja kukinunua, na kilimfaa zaidi. Naeleza kwa nini, maana ushauri wa "kila mtu" juu ya viegemeo huanza na swali lisilomsaidia mwindaji. Watu huuliza kipi kinapeleka mshale vizuri zaidi. Upinde ukiwa umepangwa sawasawa, karibu vyote vinaupeleka vizuri kwa masafa ya kuwindia. Anayekaa juu ya mti gizani na vidole vimekufa ganzi anatakiwa aulize mambo mengine: kifaa hiki kikiharibika kitaharibika vipi, nitajua kabla ya kuachia mshale au baada yake, na nitaweza kukirekebisha hukohuko nilipo?

Mtu mwenyewe na mahali anapowinda

Ni Mkenya aliyevuka miaka hamsini, muuguzi wa zamu ya usiku, anakaa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Kwao hakuwahi kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo upinde amejifunzia huku huku Marekani, kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake ambaye familia yake inalima mahindi na soya katika vilima vya Fillmore, kusini mashariki ya jimbo, si mbali na Lanesboro na mto Root. Kutoka kwake ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Anatoka kazini asubuhi, analala kidogo, anaendesha, na saa tisa alasiri yuko juu ya dungu lililofungwa kwenye mwaloni, futi kama 18 kutoka ardhini, na mkanda wa usalama mwilini.

Msimu wa upinde wa kulungu Minnesota huanza katikati ya Septemba na kwisha 31 Desemba. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye kalenda. Kifaa kilekile kitafanya kazi Septemba jua likiwaka na mbu wakizunguka usoni, kitafanya kazi Oktoba kwenye mvua ya manyunyu, na Desemba kitafanya kazi kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Ukikichagua dukani mwezi Agosti ukiwa na fulana, unachagua kwa ajili ya sehemu ndogo tu ya msimu.

Upinde wake ni kampaundi, upinde wa kisasa wenye magurudumu na kebo, aliyoinunua kwa mtu; nguvu yake ya kuvuta imewekwa pauni 55. Sheria ya jimbo inataka zisipungue 30, kwa hiyo nguvu anayo ya kutosha. Mishale ni ya kaboni. Vyembe vyake vya kuwindia ni vya makali matatu yasiyokunjika; sheria inataka chembe kiwe na makali ya chuma angalau mawili, upana usiopungua saba ya nane ya inchi, na kisiwe na miba ya kurudi nyuma. Anavuta kwa kifyatulio cha kifundo cha mkono, kifaa kinachoushika upote na kuuachia, si kwa vidole. Hapigi zaidi ya yadi 25, na katika hilo ana msimamo ambao ningependa wawindaji wengi wangekuwa nao.

Nilimuuliza pia kuhusu bega. Analo tatizo la zamani kwenye bega la kulia, kwa hiyo huvuta mapema kulungu akiwa bado nyuma ya mti, hushikilia, na kama mnyama hakugeuka hulegeza upote polepole na kungoja tena. Jioni moja anaweza kuvuta na kulegeza mara kadhaa bila kupiga. Na muda wote wa kungoja, upinde uko magotini au umetundikwa kwenye ndoano, mshale umeshakaa kwenye upote. Anavaa glavu nene. Akipiga, upinde unalala upande, maana anapinda kiuno kuelekea chini. Mambo haya madogo ndiyo yaliyoamua kisa kizima, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye boksi la kiegemeo.

Kazi ya kiegemeo ni nini hasa

Mwindaji wa Kihadzabe katika bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi, hana kiegemeo. Mshale unapita juu ya mkono ulioshika upinde, ubavuni mwa mti wa upinde, na unapoachiwa na vidole unajipinda kidogo pembeni ili kuuzunguka mti huo. Ugumu wa mti wa mshale lazima ulingane na nguvu ya upinde, la sivyo mshale unakwenda upande. Ndiyo maana mtu anayejua kazi hiyo hukaa muda mrefu akiunyoosha na kuuchonga mshale.

Kampaundi imebadilisha mambo mawili. Tangu Holless Wilbur Allen wa Missouri alipopata hataza ya upinde wa aina hiyo mwaka 1969, mipini imeendelea kukatwa ndani zaidi, mpaka mshale ukapata nafasi ya kupita katikati kabisa, kwenye mstari wa upote. Halafu kifyatulio kikaondoa vidole. Upote unaoachiwa na vidole unateleza pembeni na mshale unajipinda pembeni. Upote unaoachiwa na kifyatulio unakwenda mbele moja kwa moja, na mshale unajipinda zaidi juu na chini. Kwa hiyo mwindaji wa kifyatulio anahitaji kitu kitakachoubeba mshale kutoka chini, kiutulize, kisha kisiyaguse manyoya yanapopita.

Hayo yote yanatokea kwa haraka sana. Kwa upinde kama wake, upote unausukuma mshale kwa umbali wa kama nusu mita, na kazi hiyo inakwisha ndani ya sehemu mbili za mia za sekunde au pungufu. Manyoya yako mwisho wa mshale, kwa hiyo yanafika kwenye kiegemeo mshale ukiwa umeshaachana na upote au uko karibu kuachana nao. Viegemeo vya kuanguka vilibuniwa kwa ajili ya dakika hiyo: vibebe mshale mwanzoni, kisha viondoke njiani kabla manyoya hayajafika.

Alichokuwa nacho

Upinde ulikuja na uma wa meno mawili, kiegemeo cha zamani kilichofaa sana kwa mashindano ya kulenga shabaha kwenye uwanja tambarare. Mshale unakaa katikati ya meno na unashikiliwa na uzito wake tu. Mchezaji aliyesimama wima, upinde wima, hana shida nacho. Mtu aliyekaa, aliyeinama, aliyevaa glavu na anayevuta kwa bega bovu atautikisa mshale, na ukishatoka kwenye meno hakuna kitu cha kuuzuia. Meno yalikuwa yamevikwa mpira wa kuzuia mlio, lakini mpira ulishachanika kwenye ncha. Nilipopitisha kidole nilisikia chuma kitupu.

Hapo hapakuwa na mjadala, uma uondoke. Mjadala ulikuwa juu ya kitakachokaa mahali pake.

Vya kuanguka, na kwa nini havikumfaa

Kiegemeo cha kuanguka kinachoendeshwa na kebo kina kamba nyembamba iliyofungwa kwenye kebo inayoshuka upinde unapovutwa. Kebo ikishuka, kamba inakivuta kiegemeo kisimame. Upote ukiachiwa, kamba inalegea na kiegemeo kinalala. Aina bora za jamii hii, kama UltraRest za kampuni ya QAD, zina kizuizi: unakiinua kwa kidole gumba, mshale unafungiwa ndani ya kijumba, na ukilegeza upote polepole kinabaki kimesimama. Kwa tabia yake ya kuvuta na kulegeza, kizuizi hicho ni kitu cha maana sana, na kwa muda nilidhani tutaishia hapo.

Kilichonirudisha nyuma ni kamba. Urefu wake na mahali iliposhikwa kwenye kebo ndivyo vinavyoamua kiegemeo kisimame lini na kilale lini. Kebo mpya hurefuka kidogo ikizoea, uzi uliozungushiwa kebo husogea, fundo huteleza. Ikiteleza milimita chache, kiegemeo ama hakisimami kikamilifu, ama hakilali kwa wakati na manyoya yanakigonga. Kwa macho huoni kitu. Kiegemeo kinaonekana kizima, kinacheza juu na chini kama kawaida, ila mshale unatoka umepinda. Na kuipitisha kamba katikati ya nyuzi za kebo kunahitaji mashine ya kukandamizia mabawa ya upinde, ambayo yeye hana. Ziko namna za kuibana kamba juu ya kebo bila mashine, lakini hizo ndizo huteleza zaidi. Mtu anayegundua tatizo la namna hiyo jioni ya Ijumaa akiwa Fillmore amepoteza wikendi yake yote, tena kama atagundua kabla hajamjeruhi mnyama.

Kile alichokitaka mwenyewe, cha bawa, ni kifaa ninachokiheshimu zaidi kati ya viwili hivi. Ndani yake mna springi inayokisukuma kisimame wakati wote. Kamba yake imefungwa kwenye bawa la upinde na kazi yake ni kukilaza. Ukianza kuvuta, bawa linapinda, kamba inalegea, springi inakiinua mapema na kinaubeba mshale karibu njia yote. Mashine ya kukandamizia haihitajiki. Na kamba ikikatika, kiegemeo kinabaki kimesimama: mshale bado una pa kulala, bado unaweza kupiga, hata kama manyoya yatagusa. Kamba nayo iko nje, unaiona ikianza kuchakaa. Fundi aliyewaza hivyo aliwaza kama mwindaji.

Lakini yapo mambo mawili. La kwanza, upinde usipovutwa kiegemeo kimelala. Mshale umo ndani ya kijumba, hauwezi kutoka, ila haujashikwa. Umelazwa kwenye kitambaa cha sufi na una nafasi ya kucheza. La pili, kamba ile ndefu inapita wazi kutoka kwenye bawa hadi kwenye mpini, na huyu bwana huupandisha upinde wake dunguni kwa kamba, ukipita katikati ya vijiti vya mwaloni.

Sikutaka kumbishia kwa maneno. Kukifunga cha bawa hakuchukui muda, nikakifunga. Nikamkalisha juu ya ngazi, akavaa glavu zake alizokuja nazo, nikamwomba afanye kama yuko mtini: mshale kwenye upote, upinde magotini, inuka nusu, pinda kiuno, vuta, shikilia, legeza. Akavuta vizuri, mshale ukainuka kwa upole. Alipolegeza, kiegemeo kikashuka na mshale, na ukatoka mlio mdogo, tik, kaboni ikigusa pembe ya kijumba. Akarudia. Tik.

Akakaa kimya kidogo. "Huo mlio, fundi, kulungu atausikia."

"Naweza kuongeza sufi, mzee wangu. Utapungua."

"Utapungua, ndiyo. Lakini mimi navuta na kulegeza jioni nzima."

Tukakishusha.

Brashi

Kiegemeo cha brashi ni pete iliyojaa nywele ngumu zinazoelekea katikati, zikaacha tundu dogo linalolingana na unene wa mshale. Kinachojulikana zaidi ni Whisker Biscuit. Juu pana mwanya wa kuusukumia mshale ndani; ukishaingia unaweza kuugeuza upinde kichwa chini na mshale usitoke. Hakuna springi, hakuna kamba, hakuna wakati wa kupanga. Nywele za chini, zinazobeba uzito, ni ngumu kuliko za juu.

Malalamiko juu yake yanajulikana, na yote yana ukweli. Manyoya yanapita katikati ya nywele, kwa hiyo yanasuguliwa na mshale unapoteza kasi kidogo. Manyoya laini hujikunja na kuchakaa. Mshale ukivutwa nyuma hutoa sauti ya kusugua. Na barafu, ambayo nitaieleza peke yake.

Rafiki yake, yule mwenye kiegemeo cha bawa, alikuja naye siku ya kupima na hakukificha alichonacho moyoni. Alisema brashi ni ya watoto na ya wanaoanza. Namheshimu, anawinda vizuri, lakini hoja hiyo inapimika. Tuliipima kasi kwa mashine: zilipungua futi chache kwa sekunde. Kwa yadi 25 hizo hazibadilishi hata alama ya kulengea. Sauti ya kusugua ipo, ni laini na fupi, inafanana na kitambaa kinachopita juu ya kitambaa. Mlio wa kaboni kwenye plastiki ngumu ni mkali zaidi na ndio unaomwinua kulungu kichwa.

Suala la manyoya lilihitaji kazi. Mishale aliyokuja nayo ilikuwa na manyoya marefu laini ya inchi 4 yaliyofungwa kwa mzunguko mkali. Nilipulizia poda ya miguu kwenye nywele za pete, ile nyeupe ya kopo, kisha akapiga mshale mmoja na tukautazama. Manyoya mawili ya chini yalikuwa na poda kwa urefu wote na moja lilishaanza kukunjika ukingoni. Nikayatoa, nikabandika mafupi na magumu ya inchi 2, aina ya Blazer ya Bohning, kwa mzunguko mdogo, moja likielekea juu ili mawili ya chini yaachane huku na huku. Poda ya mara ya pili iliacha alama nyembamba tu, na ukingo wa manyoya ukabaki umenyooka. Atakayefunga brashi akaacha manyoya yake laini atasema brashi ni mbovu, kumbe hakumaliza kazi.

Kukifunga na kukipanga

Kiegemeo kinashikwa na boliti inayoingia kwenye tundu la Berger, ambalo kampaundi karibu zote zinalo nyuma ya dirisha la mpini, pale mpini ulipokatwa ndani kuupisha mshale. Pinde nyingi za miaka ya karibuni zina pia reli ya kukishikia, lakini wake ni wa zamani. Nilianza na mshale ukipita usawa wa katikati ya tundu hilo, ukiwa pembe mraba na upote, na katikati ya mshale ikiwa umbali wa inchi 13 ya 16 kutoka kwenye ukuta wa mpini, karibu milimita 21. Hapo ni pa kuanzia tu. Upinde wenyewe ndio unaosema pa kuishia.

Kwa brashi pana jambo la kuangalia mapema. Mshale unabonyeza nywele kidogo kwa uzito wake, kwa hiyo upime usawa mshale ukiwa na chembe chake, si mti mtupu. Tofauti ni ndogo lakini inaonekana kwenye karatasi.

Karatasi ilitundikwa kwenye fremu, akapiga kutoka umbali wa kama mita mbili, ili umbo la tundu lituonyeshe mshale unatoka vipi. Tundu la kwanza lilikuwa na mkwaruzo kuelekea juu, maana yake nyuma ya mshale ilipita juu kuliko chembe. Nikakipandisha kiegemeo kidogo. Mkwaruzo ukafupika, nikapandisha tena kwa nusu ya ile ya kwanza, na tundu likawa duara lenye mistari mitatu ya manyoya. Watu wengi huishia hapo wakafurahi. Kwa mwindaji karatasi haitoshi, maana vyembe vya makali ni mabawa madogo mbele ya mshale, vinashika hewa na kuonyesha kila kosa dogo ambalo chembe cha mazoezi kinalificha.

Siku iliyofuata alipiga kwa yadi 20, mishale ya vyembe vya mazoezi na ya vyembe vya makali, kwa kubadilishana. Vya mazoezi viligonga katikati. Vya makali viligonga kushoto kwa kama inchi 3, vyote pamoja. Kuwa pamoja ni habari njema: mkono wake ulikuwa mtulivu na upinde ndio uliohitaji kurekebishwa. Kiegemeo husogezwa kuelekea kule unakotaka vyembe vya makali viende. Nikakisogeza kulia kwa unene wa kama milimita moja isiyotimia. Vikakaribia. Nikasogeza tena pungufu ya hapo, na aina zote mbili zikaingia mahali pamoja. Sogezo kubwa la mara moja ni kosa ninaloliona kila msimu. Mtu analipita lile jibu, anarudi nyuma, analipita tena, mwisho analaumu vyembe.

Nikafunga boliti, nikachora mstari mwembamba wa kalamu nyeupe kati ya kiegemeo na mpini. Kikisogea, mstari utavunjika na ataona kwa jicho kabla hajapanda mtini.

Barafu

Sikutaka aondoke na kifaa ambacho udhaifu wake mkubwa hajauona. Tulifanya majaribio mawili nyuma ya duka, usiku ukiwa umeshashuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri.

Theluji kavu, ile ya unga ya siku za baridi kali, haikufanya kitu. Inakaa juu ya nywele, unaipangusa kwa brashi ndogo ya rangi, imekwisha. Maji ndiyo mabaya. Nilinyunyizia pete maji, tukaiacha ikagande. Nywele zilishikamana zikawa ukuta mgumu, mshale ukakaa juu kuliko mahali pake na haukushuka hata nilipoubonyeza. Akipiga hivyo, mshale utakwenda juu na manyoya yataumia. Tiba yake ni kuupitisha mti wa mshale usio na chembe mbele na nyuma mpaka barafu ivunjike, au kuishika pete kwa kiganja kwa muda. Zote zinachukua dakika, na zina kelele.

Kwa hiyo kinga ndiyo yenye kazi. Asitoke na upinde ndani ya gari lenye joto akaupeleka moja kwa moja kwenye baridi. Unyevu utaganda kwenye nywele. Upinde ukae kwenye buti, upoe pamoja na nje. Asipulize theluji kwa mdomo, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hufanya, kwa sababu pumzi ni maji. Siku ya mvua inayoganda, afunike kiegemeo kwa soksi nyepesi mpaka atulie dunguni, na kama mvua hiyo haikatiki, ashuke arudi nyumbani. Nilimwambia wazi kwamba siku za namna hiyo kiegemeo cha rafiki yake kitamshinda. Alikubali. Siku hizo kwa msimu ni chache, na hata yeye mwenyewe hapendi kupanda mti wenye barafu.

Huo ndio uharibifu wa brashi: unaonekana, unaguswa kwa kidole, na unajulikana kabla ya mshale kuondoka. Kamba iliyoteleza ndani ya kebo haikupi nafasi hiyo.

Ilivyokwenda

Desemba alinipigia simu kutoka njiani. Jike alipita yadi 16, akavuta, jike akasimama nyuma ya shina, akalegeza, akavuta tena alipotoka. Mshale ulipita kifuani ukatoka upande wa pili, na mnyama alianguka ndani ya macho yake, ng'ambo ya korongo dogo. Kuhusu kiegemeo hakusema lolote mpaka nilipomuuliza.

"Sikukumbuka hata kama kipo," alisema.

Msimu uliofuata, kabla ya Septemba, alilalamika kwamba mishale inagonga chini kidogo kwa yadi 20. Alikuwa amepiga mazoezi majira yote ya joto uani kwake. Nilipoiangalia pete kwa taa, nywele za chini zilikuwa na mfereji mdogo, laini kama umepigwa msasa, na mshale ulikuwa umeshuka karibu milimita moja. Hayo ndiyo mazoea ya brashi, inaisha polepole na kwa upande mmoja. Tulibadilisha pete peke yake, si kiegemeo kizima, tukaangalia usawa, akapiga vyembe vya makali kuhakikisha. Sasa ana pete ya akiba na ufunguo wake wa boliti, na kila mwezi wa Agosti anauweka mshale kwenye pete na kutazama kama bado unakutana na alama aliyoichora kwenye mpini.

Rafiki yake naye alikuja baadaye akauliza kama abadilishe cha kwake. Nilimkatalia. Yeye hutembea kwa miguu kandokando ya mashamba, huutia mshale kwenye upote dakika ileile anayotaka kupiga, hupiga hadi yadi 40, na hapandishi upinde kwa kamba. Kamba ya kiegemeo chake nilikuta imeanza kutoa nyuzi karibu na fundo la bawa. Nikaibadilisha, akapiga mishale michache, akaenda zake.